Sukari Inavyoifikia Chavua ya Pamba

Ua la pamba linapodondoka shambani, mkulima hutafuta sababu ya siku hiyo: upepo wa jana, jua la juzi, mdudu aliyepita usiku. Mara nyingine sababu iko nyuma zaidi. Iko takriban wiki tatu nyuma, wakati ua hilo lilikuwa chipukizi dogo lililojificha ndani ya vijani vyake vitatu vya pembetatu. Katika siku hizo chavua ilikuwa inaumbwa. Ikiwa sukari haikuifikia kwa wakati, au ilifika pungufu, chavua ilikufa ingali changa. Chipukizi liliendelea kukua kama kawaida, ua likafunguka na petali zake nyeupe, nyuki akatua, lakini halikuwa na chembe ya kiume yenye uhai wa kutosha kuitungisha mbegu.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mkulima wa pamba, ofisa ugani, na mwanafunzi wa kilimo au biolojia anayetaka kujua kinachotokea ndani ya chipukizi lile. Kwa zaidi ya miaka 10 sasa, wanasayansi wamekuwa wakiorodhesha jeni za pamba zinazosimamia safari ya sukari kutoka kwenye jani hadi kwenye chavua. Kazi yao inaweza kuonekana kama ya maabara tu. Mimi naiona kuwa miongoni mwa kazi zenye manufaa makubwa kwa zao hili, kwa sababu inaeleza kwa nini shamba lenye maua mengi linaweza kutoa vitumba vichache, na inaonyesha wiki ambazo mkulima hapaswi kulala.

Kutoka kwenye jani

Jani hutengeneza sukari kwa usanisinuru. Sukari inayosafiri ndani ya mmea wa pamba ni sukrosi, ileile tunayotia kwenye chai. Sukrosi imeundwa kwa sukari mbili ndogo zilizoshikana, glukosi na fruktosi, na kuzishika au kuzitenganisha ni sehemu kubwa ya habari hii.

Sukrosi haiwezi kupenya utando wa seli kwa hiari yake. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta, na sukari haipiti katika mafuta. Kwa hiyo mmea una protini maalumu zilizopachikwa katika utando huo, ambazo kazi yake ni kupitisha sukari. Kila protini hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni. Jeni zinazofanana kwa umbo na asili huwekwa pamoja na kuitwa familia.

Kwenye jani, protini za familia moja huitoa sukrosi nje ya seli. Papo hapo, protini za familia nyingine huisukuma ndani ya floemu, yaani mirija membamba inayobeba chakula cha mmea. Kusukuma huku kunahitaji nguvu, kwa kuwa sukari iliyomo tayari ndani ya floemu ni nyingi kuliko iliyo nje. Kutoka hapo sukari hutiririka kuelekea popote inapotumiwa kwa wingi: mizizi, machipukizi mapya, maua, vitumba.

Ua la pamba lina vifuko vingi vya chavua, vyote vikiwa vimepangwa kuzunguka mrija mmoja katikati ya ua. Kila kifuko kina ukuta wa tabaka nne. Tabaka la ndani kabisa huitwa tapetamu, nalo ndilo linaloilisha chavua. Seli za tapetamu hufanya kazi kubwa kwa muda mfupi: hupokea sukari, hutengeneza mafuta na protini, hutoa malighafi ya ganda la nje la chavua, kisha hufa kwa mpangilio uliowekwa. Zikifa mapema mno, chavua inakosa chakula. Zikichelewa kufa, chavua pia inaharibika.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka msomaji alishike. Sehemu nyingi za mmea zimeunganishwa kwa vitundu vidogo sana baina ya seli na seli, hivyo sukari huweza kupita kutoka seli moja hadi nyingine bila kuvuka utando. Chavua changa haina muungano huo na tapetamu. Inaelea peke yake katika majimaji ya kifuko. Kila chembe ya sukari inayoihitaji lazima itolewe nje ya seli ya tapetamu kupitia protini moja, ielee kwenye majimaji, kisha iingizwe ndani ya chavua kupitia protini nyingine. Chavua ni kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la maji la kijiji: presha ikipungua kidogo huko juu, bomba lake ndilo la kwanza kukauka.

Familia zenyewe

Familia ya kwanza ni ile inayoitwa SWEET. Ilitambuliwa mwaka 2010 na kundi la watafiti lililoongozwa na Wolf Frommer huko California, Marekani, na mtafiti wa mbele katika kazi hiyo alikuwa Li-Qing Chen. Protini za SWEET hupita kwenye utando wa seli mara 7. Hazitumii nguvu. Sukari inapita kufuata upande wenye sukari kidogo, iwe ni kuingia au kutoka. Kwa sababu hiyo hutumika hasa mahali ambapo sukari inatakiwa itolewe nje: kwenye jani, kwenye vifuko vya asali ya maua, kwenye mbegu inayolisha kiinitete, na kwenye tapetamu.

SWEET zimegawanyika katika makundi manne. Makundi mawili ya kwanza hupitisha zaidi sukari ndogo kama glukosi. La tatu hupitisha sukrosi. La nne hukaa kwenye utando wa ghala la ndani ya seli na kushughulika na fruktosi.

Familia ya pili ni SUT, ambayo baadhi ya waandishi huiita SUC. Hizi hubeba sukrosi peke yake, kwa nguvu, zikiipandisha kutoka mahali penye sukrosi kidogo kwenda mahali palipojaa. Protini zake hupita kwenye utando mara 12. Familia hii ni ndogo lakini kazi yake ni nzito, kwani bila hiyo floemu isingejaa.

Ya tatu ni ukoo mkubwa wa wasafirishaji wa sukari ndogo, unaofupishwa kwa herufi MST. Ndani yake mna koo ndogo 7. Ukoo mdogo ulio karibu zaidi na habari ya chavua ni STP, ambao huingiza glukosi ndani ya seli kwa nguvu. Ukoo mwingine, unaoitwa TMT au TST, hujaza ghala la ndani ya seli.

Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali ambao maabara nyingi duniani huutumia kama kielelezo, una jeni 17 za SWEET, 9 za SUT na 53 za MST. Mpunga una SWEET 21. Pamba ya kawaida tunayolima, Gossypium hirsutum, ina SWEET zipatazo 55.

Kwa nini nyingi hivyo? Pamba hii ni mmea wa mseto wa asili. Kati ya miaka milioni 1 na milioni 2 iliyopita, mmea wa ukoo wa pamba za Afrika na Asia, unaoitwa ukoo A, ulikutana na mmea wa ukoo D wa Amerika. Uzao wao ulibaki na kromosomu za pande zote mbili, jumla 52. Kwa hiyo karibu kila jeni ya pamba ina pacha wake: mmoja wa ukoo A na mwingine wa ukoo D. Ramani kamili ya jeni za mmea wa ukoo D, Gossypium raimondii, ilitolewa mwaka 2012, ya mmea wa ukoo A mwaka 2014, na ya pamba yetu yenyewe mwaka 2015. Ni baada ya ramani hizo ndipo kazi ya kuhesabu familia ilipowezekana.

Wingi huo una faida na una usumbufu. Pacha mmoja akiharibika, mwenzake anaweza kuziba pengo, na mmea ukaendelea. Kwa mtafiti hilo ni taabu, maana akizima jeni moja mara nyingi haoni badiliko lolote. Inambidi azime mbili, tatu au nne kwa pamoja.

Tunajuaje kuwa sukari ndiyo inayoamua

Ushahidi wa wazi zaidi umetoka kwenye mimea mingine, na ni haki kusema hivyo, kwa sababu pamba ni ngumu kufanyiwa majaribio. Kuipata pamba iliyobadilishwa jeni maabara huchukua muda mrefu, tena si kila aina inayokubali.

Mwaka 2008 watafiti waliokuwa wakichunguza Arabidopsis walieleza jeni ambayo ikizimwa, chavua hupasuka na kufa kwa sababu ganda lake halikuumbika vizuri. Baadaye ilijulikana kuwa jeni hiyo ni ya familia ya SWEET, nayo leo huitwa SWEET8. Mwaka 2016 ilionekana kwamba mmea huohuo ukikosa SWEET13 na SWEET14 kwa pamoja, vifuko vya chavua huchelewa kupasuka. Jambo la ajabu katika kisa hiki ni kwamba protini hizo mbili hupitisha pia jiberelini, homoni ya ukuaji. Protini iliyodhaniwa kuwa ya sukari tu ikawa na kazi ya pili.

Katika tumbaku, mwaka 2001, watafiti walidhoofisha kimeng'enya kinachoitwa invateza ndani ya vifuko vya chavua. Kimeng'enya hiki hukata sukrosi iliyofika nje ya seli na kuifanya glukosi na fruktosi. Kilipopungua, chavua iliharibika. Mmea ulikuwa na sukari tele, majani yalikuwa ya kijani, lakini chavua haikuweza kuila sukari hiyo kwa sababu haikukatwa.

Kisa cha mpunga ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2010 kundi la Dabing Zhang, mjini Shanghai, lilieleza mpunga wenye kasoro katika jeni iitwayo CSA. Katika mmea huo sukari ilirundikana kwenye majani na mashina, ilhali vifuko vya chavua vilikuwa na njaa. CSA si protini ya kubeba sukari. Ni jeni inayotoa amri kwa nyingine, na mojawapo ya jeni inazoziamrisha ni MST8, ya ukoo ule wa wasafirishaji wa sukari ndogo. Mwaka 2013 ikaonekana kuwa mpunga huo huwa tasa upande wa kiume wakati wa siku fupi, na hupata rutuba wakati wa siku ndefu. Kasoro ikageuka kuwa nyenzo ya kuzalisha mbegu chotara.

Kwa pamba yenyewe, ushahidi mzito umetoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, mjini Wuhan, China. Huko watafiti walilinganisha aina mbili za pamba kwenye joto kali: moja inayostahimili, na nyingine ambayo vifuko vyake vya chavua hushindwa kupasuka. Katika kazi waliyoitoa mwaka 2013 waligundua jeni waliyoiita GhCKI, ambayo hupanda kwa joto, huzuia kazi ya kimeng'enya cha kutengeneza wanga, na kuchelewesha kifo cha tapetamu. Mwaka 2014 wakaonyesha kwamba joto huvuruga kwa pamoja mawasiliano ya sukari na ya homoni ya oksini ndani ya vifuko vya chavua. Hivyo tunajua kwamba pamba inaposhindwa na joto, njia ya sukari ni mojawapo ya mambo yanayovurugika, na hilo hutokea kabla ua halijafunguka.

Hata nyuzi zenyewe zinafuata kanuni hii. Uzi mmoja wa pamba ni seli moja iliyorefuka kutoka kwenye ganda la mbegu. Mwaka 2001 Yong-Ling Ruan na wenzake huko Australia walionyesha kwamba uzi unaporefuka kwa kasi, vitundu vinavyouunganisha na mbegu hufungwa kwa muda, na protini za kusafirisha sukari ndizo zinazochukua kazi. Sukari inayoingia hujenga msukumo wa maji unaourefusha uzi, na baadaye hugeuzwa kuwa selulosi. Pamba nyeupe unayoipeleka kwenye chama cha ushirika (AMCOS) ni sukari ya jani iliyofungwa kwa mpangilio mwingine.

Bakteria anayejua njia

Kuna adui mmoja wa pamba anayeijua familia ya SWEET vizuri. Ni bakteria wa jenasi ya Xanthomonas, anayesababisha ugonjwa wa madoa yenye pembe kwenye majani. Madoa hayo huanza kama sehemu zilizolowa maji, zikifuata mipaka ya mishipa ya jani, kisha huwa ya kahawia au meusi. Bakteria huyu huingiza protini yake ndani ya seli ya pamba, nayo hushika jeni na kuiwasha. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba mojawapo ya jeni zinazowashwa hivyo ni GhSWEET10. Mmea unalazimishwa kutoa sukari nje ya seli, mahali ambapo bakteria anakaa.

Kwa mkulima wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania hili si jambo la mbali. Kwa miaka mingi kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi mkoani Mwanza, kimekuwa kikichagua aina za pamba zinazouvumilia ugonjwa huu, na aina zenye herufi UK katika jina zimetokana na jina la kituo hicho. Wachaguzi wa awali waliifanya kazi hiyo kwa macho na subira, wakiacha mimea dhaifu na kuhifadhi yenye nguvu, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuijua SWEET. Jeni iliyotambuliwa mwaka 2017 inawapa warithi wao mahali mahususi pa kutazama.

Wiki za kuangalia

Tangu chipukizi la ua linapoonekana kwa macho hadi ua kufunguka hupita wiki tatu hivi, wakati mwingine zaidi kidogo kunapokuwa na baridi. Mgawanyiko wa seli unaozaa chavua hutokea mwanzoni mwa kipindi hicho, chipukizi likiwa bado dogo sana. Kutoka hapo hadi siku chache kabla ya ua kufunguka, kifuko cha chavua kinahitaji sukari bila kukatizwa.

Mkulima wa Simiyu au Shinyanga aliyepanda mwishoni mwa Novemba atakuwa na machipukizi ya kwanza karibu na mwanzo wa Januari, na maua kuelekea mwisho wa mwezi huo na Februari. Huo ndio wakati ambao mvua katika mikoa hiyo mara nyingi hukatika kwa siku kadhaa, jua likiwa kali. Kupanda kwa wakati kunasaidia kwa sababu machipukizi mengi yanaumbika katika nyakati tofauti, na ukame mmoja hauwezi kuyakuta yote katika hatua ileile. Anayechelewa sana kupanda huyaweka machipukizi yake karibu yote katika kipindi kifupi cha mwisho wa msimu.

Chavua ya pamba humea vizuri katika nyuzijoto kati ya 28 na 32 za Selsiasi. Joto la mchana likizidi 35 kwa siku mfululizo, na hasa usiku nao ukibaki na joto, hasara huanza. Joto la usiku halizungumzwi sana, nami nadhani linastahili kuzungumzwa. Usiku mmea haufanyi usanisinuru, lakini unaendelea kuitumia sukari kwa kupumua. Kadiri usiku unavyokuwa wa joto, ndivyo sukari iliyotengenezwa mchana inavyoteketea, na kinachobaki kwa ajili ya ua hupungua.

Unaweza kulikagua shamba lako bila chombo chochote. Nenda asubuhi, umande ukishakauka, kati ya saa tatu na saa tano. Chagua maua meupe tu, yale yaliyofunguka siku hiyo. Ua la pamba hugeuka waridi siku ya pili, na hapo halikuambii kitu tena kuhusu chavua. Pitisha ncha ya kidole taratibu juu ya vifuko vya chavua. Ua lenye afya litakuachia unga wa rangi ya maziwa au manjano unaonata kidogo. Ua lililoathirika litakuwa na vifuko vilivyosinyaa au vilivyobaki vimefunga, na kidole kitatoka kikavu. Pita sehemu mbalimbali za shamba, usikae kwenye kona moja, na uandike idadi ya maua uliyogusa na yaliyokosa unga.

Kabla hujalaumu joto, tazama wadudu. Machipukizi na maua huanguka kwa sababu nyingi, na funza wa vitumba yuko mbele ya orodha. Lipasue chipukizi lililoanguka. Likiwa na tundu au kinyesi cha mdudu, tatizo lako ni la wadudu. Likiwa zima, na maua meupe hayana unga, basi fikiria hali ya hewa na lishe ya wiki tatu zilizopita.

Dalili nyingine huonekana wakati wa kuvuna. Kitumba kilichotungishwa vizuri hufunguka kwa vyumba vinne au vitano vilivyojaa sawasawa. Kitumba ambacho chavua haikutosha huwa kimepinda upande mmoja, na ndani yake utakuta mbegu pepe nyingi zenye nyuzi fupi. Kunguni wafyonzaji nao huweza kuleta umbo kama hilo, kwa hiyo tafuta pia alama za kutobolewa kwenye ganda la ndani.

Mambo ya kufanya, na ya kutofanya

Jani lililo karibu na ua ndilo linalolilisha kwa sehemu kubwa. Jani hilo likiharibiwa na chawajani, ua lake linadhoofika hata kama mmea kwa jumla unaonekana mzima. Vidukari nao hutoboa floemu na kunyonya sukari iliyokwisha kusukumwa kwa nguvu nyingi, kisha humwaga ziada yake juu ya majani na nyuzi kama utomvu mtamu. Ndiyo pamba nata inayokataliwa kiwandani kwa sababu hukwamisha mashine za kusokota. Mkulima anayedhibiti vidukari mapema anaokoa chakula cha ua na ubora wa pamba kwa pigo moja.

Punguzia miche mapema kama unavyoelekezwa na ofisa ugani wa eneo lako. Mimea iliyosongamana hutiana kivuli, majani ya chini hukosa mwanga, na machipukizi ya chini ndiyo huanguka kwanza. Palizi ya wiki za mwanzo ina maana hiyohiyo: magugu hunyang'anya maji ambayo bila hayo jani hufunga matundu yake na kuacha kutengeneza sukari.

Potasiamu inahitajika katika kujaza sukrosi ndani ya floemu, na pamba huitumia kwa wingi vitumba vinapojaa. Boroni inahitajika kwa kiasi kidogo sana, lakini bila hiyo chavua haimei vizuri. Sisemi mkulima akanunue boroni kesho. Tofauti kati ya kiasi kinachofaa na kinachounguza mmea ni ndogo, kwa hiyo pima udongo kwanza kupitia maabara za Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) au maabara nyingine inayotambulika, ndipo uamue.

Usipulizie viuatilifu asubuhi wakati maua meupe yamefunguka. Chavua ya pamba hupasuka inapoguswa na maji, na nyuki wako kazini saa hizo. Pamba hujitungisha yenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini chavua yake ni nzito na inanata, haipeperushwi na upepo, na nyuki huongeza mbegu zinazotungishwa ndani ya kitumba. Pulizia jioni.

Usimwagie majani maji ya sukari kwa kudhani utailisha chavua. Sukari iliyo juu ya jani haina njia ya mkato ya kuingia kwenye kifuko cha chavua, kwani kila hatua inasimamiwa na protini zilizo ndani ya mmea. Utaita sisimizi na ukungu. Na mtu akikuuzia dawa ya kuongeza jeni za sukari kwenye pamba, usimpe fedha yako. Jeni haipuliziwi kwa bomba. Faida ya utafiti huu itamfikia mkulima kwa njia ya mbegu iliyochaguliwa na kuthibitishwa na mamlaka za mbegu.

Njia hiyo ya mbegu ina matawi mawili. La kwanza ni kuchagua mimea ambayo vifuko vyake vya chavua huendelea kupata sukari hata kwenye joto. La pili linaonekana kinyume chake: kutengeneza mimea isiyo na chavua kwa makusudi, ili itumike kama mama wa mbegu chotara. India ilitoa pamba chotara ya kwanza ya kibiashara duniani mwaka 1970, iliyoitwa H-4, kazi ya C. T. Patel huko Surat, Gujarat. Hadi leo sehemu kubwa ya mbegu hizo huzalishwa kwa mikono. Vibarua huondoa vifuko vya chavua ua kwa ua wakati wa alasiri, kisha asubuhi hurudi kupaka chavua ya mmea mwingine. Ni kazi ya kuchosha, nayo huifanya mbegu kuwa ghali. Mmea ambao njia yake ya sukari inaweza kufungwa na kufunguliwa kwa urefu wa siku, kama ule mpunga wa Shanghai, ungewaondolea vibarua kazi hiyo.

Kwa mwanafunzi anayesoma utafiti huu

Majina ya jeni yanasomeka kirahisi ukijua kanuni. Herufi mbili za mwanzo ni za mmea: Gh ni Gossypium hirsutum, Gb ni Gossypium barbadense, ile pamba ya nyuzi ndefu ya Misri, Ga ni Gossypium arboreum, Gr ni Gossypium raimondii, na At ni Arabidopsis thaliana. Kinachofuata ni familia, kisha namba. Usidhani kuwa GhSWEET8 inafanya kazi sawa na AtSWEET8 kwa sababu ya namba tu. Watafiti wengine huzipa namba kwa kufanana, wengine kwa mpangilio wa kromosomu, na karatasi mbili zinaweza kuiita jeni moja kwa majina tofauti. Tafuta namba ya utambulisho ya jeni yenyewe kwenye ramani.

Pima pia uzito wa ushahidi. Karatasi nyingi za familia za jeni huishia kuhesabu: zipo ngapi, ziko kromosomu gani, zinafanana na nani. Hiyo ni orodha, nayo ina thamani yake. Hatua ya juu zaidi ni kuonyesha kwamba jeni fulani inafanya kazi ndani ya kifuko cha chavua katika hatua fulani ya ukuaji, na si kwenye mzizi au jani. Hatua yenye nguvu kuliko zote ni kuizima jeni ndani ya pamba yenyewe, na kuona chavua ikiharibika, kisha kuirudisha na kuona chavua ikipona. Ukisoma kwamba jeni fulani "huenda inahusika" katika ukuaji wa chavua, angalia mwandishi amefika hatua ipi kati ya hizo.

Vipo vituo vya utafiti wa pamba Ukiriguru na Serere, Uganda, ambavyo vina aina za pamba zilizozoea joto na ukame wa kwetu kwa vizazi vingi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya shahada anaweza kuanza na jambo dogo: kuchukua aina hizo, kuhesabu chavua hai kwa rangi ya ayodini, inayogeuza punje zenye wanga kuwa nyeusi na kuziacha punje tupu bila rangi hiyo, na kulinganisha maua ya wiki za joto na ya wiki za mvua. Anahitaji darubini ya kawaida ya shule, chupa ndogo ya ayodini, na daftari la hali ya hewa.